Darasa la Kusimama na Kikombe cha Mkuu wa Mitihani

Mgeni rasmi, Bi. Winfred Tinga, mkuu wa mitihani ya Kijerumani. Mwalimu wetu, Bi. Mwanatabu, wazazi na majirani wa Mjambere: wakubwa shikamooni, wenzetu hamjambo.

Karibu, mgeni rasmi. Leo ilikuwa iwe siku ya kutupatia vyeti. Vyeti umevizuia, lakini hema lilikuwa limeshasimamishwa na mchele umeshaoshwa, kwa hivyo sherehe ipo. Tulishauriwa tukusomee risala hii kwa Kiingereza ili maneno yapate uzito. Kiswahili chetu hakijawahi kupungua uzito. Na Kijerumani, ukituruhusu, tutakuonyesha kwa vitendo.

HISTORIA YETU

Mwalimu Mwanatabu hakusomea Kijerumani chuoni. Kwa miaka kumi na mmoja aliwaongoza wageni wa hoteli kufanya mazoezi ya viungo ndani ya bwawa la kuogelea. Inua mkono, kunja goti, geuka, pumua. Wazee wa Kijerumani walimsahihisha maneno ya lugha yao huku wakitweta, naye akajifunza. Hoteli ilipofungwa, akaanzisha darasa katika ukumbi huu. Wanafunzi tulikuwa ishirini na saba, viti vinane. Akasema, "Toeni viti nje. Lugha hii itaingia kwa miguu."

Ikaingia. Neno la kuruka tulilijua kwa kuruka, la kuoga kwa kujisugua. Jirani mmoja alichungulia dirishani, akadhani tunapunga pepo, akatuletea udi. Tuliuchoma, tukaendelea kuruka.

MAFANIKIO

Kahindi, fundi wa pikipiki, alifukuzwa madarasa mawili ya lugha kwa kusinzia. Hapa hajasinzia hata mara moja. Asinzieje na amesimama kwa mguu mmoja? Bi. Mwanasaumu, mwenye miaka hamsini na minane, alikuja kumsindikiza bintiye. Binti ameacha, mama yupo.

Wenzetu tisa wamepata barua za kwenda Ujerumani kusomea kazi ya kutunza wazee. Mmoja ni Mercyline, anayelea wadogo zake watatu kule Port Reitz. Barua yake inataka cheti kifike kabla ya tarehe thelathini. Leo ni tarehe kumi na tisa.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni moja: siku ya mtihani mlitupatia viti.

Tuliketi katika chumba chenu cha mtihani kule Mkomani, kalamu mkononi. Spika ya ukutani ikasema kwa Kijerumani, "Simameni." Tulikuja kuambiwa baadaye kwamba tulitakiwa kutia alama kwenye picha ya mtu aliyesimama. Picha hatukuziangalia. Kwa miezi minane, tukiambiwa simameni, tumesimama. Spika ikasema fungueni mlango, Kahindi akafungua. Nendeni moja kwa moja, tukaenda. Pindeni kulia.

Msimamizi akapiga kelele, "Nyinyi! Mnakwenda wapi?"

"Kulia, bwana," akajibu Kahindi.

"Rudini mketi!"

"Mwanangu, usinikatize," akasema Bi. Mwanasaumu. "Huyu wa spika hajasema turudi."

Kulia palikuwa na chumba kidogo, meza, na juu ya meza kikombe. Sauti ikatufuata: "Chukueni kikombe. Kunyweni." Kikombe kilikuwa kimoja na sisi ishirini na sita. Tukapokezana kwa adabu, wakubwa kwanza. Baadaye tulijulishwa kwamba chai ile ya tangawizi ilikuwa yako, mgeni rasmi.

Aliyebaki kitini ni mmoja, ndugu yetu Abdulghani. Katika miezi minane alihudhuria masomo manne, na wallahi siku ile hakuelewa hata neno. Yeye peke yake ndiye aliyepewa matokeo: alama kumi na moja kwa mia, na pembeni pameandikwa, "Nidhamu nzuri." Sisi tuliandikiwa, "Fujo."

MAOMBI

Tusahihishwe kwa tulichofanya. Asiyejua Kijerumani angepinda kushoto, na hakuna aliyepinda kushoto.

Kama hilo haliwezekani, tupime upya hapa hapa, leo, mbele ya wazazi wetu. Toa amri yoyote uitakayo. Mercyline ataanza, ameshavua viatu.

Tumesikia pia kwamba umetuletea zawadi ya viti ishirini. Ahsante sana, lakini tafadhali virudi vilikotoka. Tumeshaona vinavyotufanyia.

HITIMISHO

Barua yako ilisema matokeo yatatolewa iwapo risala hii itakuwa na aya ya kuomba radhi. Mwalimu wetu, kwa mapenzi yake, alituandikia aya hiyo kwa mkono wake. Ninayo hapa, imekunjwa. Jana tuliipigia kura. Wa kwanza kuinua mkono kuikataa alikuwa Mercyline, mwenye mengi ya kupoteza kuliko sote. Alisema, "Nikiomba radhi kwa kuwa nimeelewa, huko nikifika nitawaambia nini?" Mikono mingine ikafuata. Hata wa Abdulghani.

Mola akujaalie afya na safari njema, na akurudishie chai yako mara ishirini na sita. Birika lile pale mezani ni lako, na tangawizi imo. Kunywa umeketi au umesimama, hapa hatumwandikii mtu fujo.

Ni sisi, Darasa la Kusimama, Mjambere, kwa sauti ya katibu wetu, Samiha. Mlituamuru kwa Kijerumani, tukatii.

Radhi hatuombi.