Mama Nondo na Koti Lililolala Bucha

Ijumaa tarehe 30, mhifadhi mkuu wa nguo za kale katika makumbusho yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Tunamwita Mama Nondo, kwa kuwa mdudu huyo anayekula sufu ndiye adui yake wa kwanza. Wa pili ni mwanga wa taa. Wa tatu ni sisi.

Hakumwamini mtu. Kila aliyeingia ghalani alinyoosha viganja vikaguliwe kama mtoto wa chekechea. Sweta zilibaki mlangoni. Mkurugenzi aliyepita alivuliwa skafu mbele ya wageni wake. Alicheka, ila tangu siku hiyo alipiga hodi. Kwa ukali huo, gauni za harusi na sare za manesi zilizotutangulia duniani bado zina rangi zake za awali. Ndiye pia aliyetufundisha kutengeneza sanamu za kuvalishia kwa kipimo cha nguo, badala ya kuivuta nguo ienee sanamu.

Sasa tuje kwenye koti. Miaka sita iliyopita alikuta nondo kwenye koti la sufu la dereva wa treni. Nguo ya namna hiyo hufungwa kwenye nailoni na kugandishwa mpaka mayai ya mdudu yafe. Friza yetu ilikuwa mbovu. Akampigia simu mlinzi wa getini: “Kuna nondo ghalani. Asitoke mtu na kitu mpaka nirudi.”

Mlinzi, ambaye kaka yake ni fundi ujenzi, alijua nondo za chuma tu. Akapekua kila gari akitafuta vyuma. Mama Nondo akampita na furushi kwapani, akaitikiwa salamu vizuri kabisa.

Kesho yake koti halikuonekana. Alipoulizwa, alisema liko kwenye friza ya shemeji yake, mwenye bucha. Tukaenda. Lilikuwa kati ya mapaja mawili ya ng'ombe.

“Shemeji, hawa wateja?” aliuliza mwenye bucha.

“Wateja wapi! Wamekuja kukamata mwizi.”

Koti lilirudi, lakini maneno hayakuisha. Lile la zamani lilikuwa na vumbi, hili safi. Basi amelibadilisha, watu wakasema, kauza la kweli. Alieleza kwamba alilifyonza vumbi kabla ya kulifunga. Hakusikilizwa. Alinyang'anywa ufunguo wa ghala, na kwa miaka sita mhifadhi mkuu alifunguliwa mlango na mlinzi yule yule.

Mwezi uliopita alifika binti wa dereva wa treni, naye kwa shari, maana uvumi ulikuwa umemfikia. Kabla hajaonyeshwa koti alisema: “La baba mkono wa kushoto ni mfupi. Alivunjika mkono akiwa kijana, ukabaki mfupi, fundi akaupunguza wa koti.” Tulipima mbele yake. Wa kushoto ulipungua upana wa vidole viwili. Akalishika kola, akasema, “Ni lenyewe.”

Jarida hili la makumbusho linaandika bila kuzunguka: hakuiba, na waliosema aliiba, wengine wakiwa ndani ya ofisi hii, walikosea. Jumatatu alirudishiwa ufunguo wake. Aliujaribu kitasani mara mbili, mlinzi akiwa pembeni, kuhakikisha hajapewa mwingine.

Asante kwa kazi, Mama Nondo. Ukaishi vyema, kwa afya, na watu wasiokupekua.