Micheline Mukundwa, Aliyezifunza Mashine Kusema Zinaposimama

Marehemu Micheline Mukundwa alizaliwa Bukavu, mtaa wa Kadutu, tarehe 9 Mei 1988, mtoto wa kwanza wa Mzee Nzabonimana na Maman Nyiramahoro. Mwaka 1996 familia ilivuka mto Rusizi wa mpakani na kurudi kwao Gashonga, yeye akiwa amekumbatia redio mbovu aliyokataa katakata itupwe.

Alisoma shule ya msingi Gashonga, sekondari Kamembe, kisha akahitimu sayansi ya kompyuta chuoni Huye mwaka 2012. Walimu walimjua kwa ubishi. Ukimwambia jambo haliwezekani, ujue umejitafutia mchana mzima wa maswali.

Tarehe 18 Julai 2015 alifunga ndoa na Izabayo. Walikutana Izabayo alipompelekea kompyuta yake, akilalamika kwamba ni nzito tu. Micheline aliifungua, akamwambia bila kumung'unya maneno: "Hii inakufa. Toa picha zako leo." Izabayo husema siku hiyo ndiyo aliyoanza kutafuta mahari.

Kuanzia 2016 aliandika programu za mashine zinazotia dawa kwenye maji ya kunywa. Juni 2021, mashine ya Gikundamvura ilisimama mara tatu kwa wiki moja, bila kusema ina nini. Kaya mia sita zilikosa maji. Mkuu wake, Papa Hategekimana, alimpigia simu akiwa amezungukwa na watu wenye hasira.

"Micheline, batu banalia maji! Toa ile kitu yenye inaisimamisha. Iendelee tu."

"Papa, inasimama sababu haijue tena dawa ngapi imetia. Ikiendelea, itatia mara mbili, na batoto batakunywa."

"Siku mbili. Ukishindwa, natafuta muntu mwingine."

Alikuwa na mimba ya miezi mitano, na aliogopa kupoteza kazi. Hata hivyo hakuigusa ile amri ya kusimama. Alipanda pikipiki hadi Gikundamvura, akakuta kwamba mlinzi, kila akiosha tangi, hukining'iniza kipimo cha maji nje ya ukingo. Kipimo kikasoma chini ya tupu. Na kwenye programu, mahali pa kipimo kusoma chini ya tupu, Micheline mwenyewe alikuwa ameandika: "Hapa hapafikiki kamwe." Alikaa kwenye ngazi ya tangi akacheka mpaka machozi, na si yote yalikuwa ya kicheko.

Kosa lilikuwa lake, lakini ububu haukuwa wake. Lugha ya programu aliyotumia ina maktaba ya msingi, yaani mkusanyo wa maagizo yaliyoandikwa tayari, na humo ndimo imeandikwa programu ifanye nini ikikutana na kosa lisilorekebishika: isimame, itaje mstari ilipovunjikia. Ili itaje, iliomba kumbukumbu zaidi, na katika mashine ndogo vile kumbukumbu ilikuwa imekwisha. Ikaanguka tena katikati ya kuanguka, ikafa kimya. Ndani ya siku zile mbili Micheline alirekebisha kosa lake, maji yakarudi, na mashine ya Gikundamvura akaipa neno la mwisho la kutuma kwenye simu yake, lililotengewa nafasi mapema, kabla kazi haijaanza. Kisha akawapelekea watunzaji wa maktaba wazo hilo. Walibishana naye miezi saba, wakakubali Machi 2022.

Mwanamke huyo huyo alificha maumivu ya tumbo miezi minane. "Ni vidonda tu," alisema, akaendelea. Kwa hilo familia ina hasira naye hadi leo. Novemba 2024 madaktari walisema saratani imekwisha kuenea. Alimwambia mdogo wake Néhémie, ndiye anayesoma wasifu huu: "Mashine nilizifunza kusema. Mi mwenyewe nikanyamaza. Ambia batoto basinifwate kwa hiyo." Aliaga dunia Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, saa nne asubuhi.

Ijumaa mchana, nyumba ikiwa imejaa waombolezaji, simu yake ilitetemeka mkononi mwa Néhémie. Ujumbe ulitoka kwa mashine ya Gikundamvura: "Nimesimama. Maji yasinywewe. Aitwe Micheline." Néhémie alilia mbele ya wageni wote. Kisha alichukua daftari la dada yake, akapanda pikipiki, na kabla ya giza maji yalikuwa salama.

Ameacha mume, Izabayo, watoto wawili, Mutoni na Mugwaneza, wazazi wake, mdogo wake Néhémie, na mashine kumi na nne zinazomwita kwa jina. Namba yake ya simu haitafungwa.

Lala kwa amani, Micheline. Ukiitwa, tutaitika sisi.