Hakuchapa Jina la Mtu Asiyekuwepo: Mama Benedikta Nkinda Anastaafu

Mama Benedikta Nkinda, katibu muhtasi wa shule yetu hapa Bariadi, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya kukaa ofisi ile ile miaka thelathini na miwili. Walimu walitaka wasifu huu uandikwe na mwalimu. Yeye akasema aandike Kornelia wa jikoni. Mimi nimeishia darasa la nne. Mwalimu Januarius amenipangia nukta na mkato. Mengine ni yangu, na yakiwa machungu asilaumiwe yeye.

Alizaliwa Ipililo, wilaya ya Maswa, kwa wakulima wa pamba. Alijifunza kupiga taipu akiwa binti, akaletwa kwetu wakati shule ina taipureta moja na mashine ya kudurufu iliyomtia wino hadi viwikoni. Watoto wa wakati ule walijua mtihani umekaribia kwa kutazama mikono yake tu. Kompyuta ilipokuja aliipenda kama mtoto wa uzeeni. Upepo ulipoezua bati la ofisi katikati ya mvua, alivua kitenge chake akaifunika, yeye akabaki analoa. Mkuu wa shule akamuuliza kwa nini hakujifunika mwenyewe. Akajibu kwamba yeye akilowa anakauka.

Kwenye droo ya mihuri anaweka michembe. Barua nyingi za shule hii zimefika wilayani zikinukia viazi vikavu.

Lakini waliokuja leo kutoka Mkula na Nyalikungu hawakuja kwa ajili ya michembe. Wamekuja kwa sababu ya msimu wa mikopo. Kila mwaka vijana waliomaliza kidato cha sita walikuwa wanarudi ofisini kwake, simu mkononi, wameambiwa maombi yao ya mkopo wa chuo yana makosa. Aliwarekebishia wote, hata wasiosoma kwetu. Ila alikuwa na sharti lake moja: kosa likimgusa mtu, mtu huyo aje, akae kwenye benchi, asikie kwa masikio yake kinachobadilishwa. Bibi aliyeandikwa ndiye mama, aje. Mjomba aliyefanywa mdhamini bila kuambiwa, aje. Watu walinung'unika sana. Mimi nilinung'unika kuliko wote, na sababu nitaisema.

Mume wangu Mboje alifariki binti yetu Milembe akiwa bado ananyonya. Matanga yalipoisha ukoo ulikaa, na mdogo wake, Mihayo, akatamkiwa mbele ya watu kwamba huyu sasa ni mwanao. Kwetu mtoto hafiwi na baba wakati baba ana ndugu. Kusema Milembe hana baba na Mihayo yupo ni kumzika mtu anayetembea. Na Mihayo hakuwa baba wa mdomo. Ng'ombe wake ndio waliompeleka yule mtoto sekondari, na msimu wa kuchuma pamba wenzake walipowabakiza mabinti shambani, yeye wa kwake alimtoa kwa nguvu aende shule.

Basi Milembe alipojaza maombi ya mkopo, palipoulizwa baba aliandika Mihayo: yu hai, mkulima, ana ng'ombe. Hakudanganya. Tulikuwa wote pale, na Mihayo alifurahi akatununulia soda.

Cheti cha kuzaliwa kina jina la Mboje. Majibu yakarudi kwamba jina la baba halilingani, arekebishe kabla muda haujafungwa, la sivyo maombi hayaendelei. Mtoto anataka uuguzi, na bila mkopo chuo tungekiona kwenye kalenda za ukutani.

Nilikwenda kwa Mama Benedikta peke yangu, cheti cha kifo cha Mboje nimekikunja kwenye pindo la kanga. Nikamwomba arekebishe kimya kimya. Nikamwambia kompyuta haipigi kelele, na Mihayo hasomi, hatajua mpaka anaingia kaburini.

Akasema, "Kornelia, siwezi kumtoa mtu kwenye ubaba yeye yuko machungani na ng'ombe."

Nilimsihi, nikalia pale pale. Akanipa michembe. Ndiyo, michembe. Kisha akampigia Mihayo simu mwenyewe.

Mihayo alikuja amevaa koti lake la kanisani. Alidhani anaitwa kutia sahihi kama baba. Mama Benedikta alimwamkia kwa Kisukuma, akamkalisha, akamweleza polepole: kwamba maombi yanamjua baba mmoja tu, yule aliyezaa; kwamba yeye akibaki hapo, Milembe anabaki nyumbani; kwamba akitoka, atahamishiwa panapoitwa mdhamini. Mihayo aliuliza swali moja tu, mdhamini ni nani kwa mtoto. Mama Benedikta akafungua droo ya mihuri, akampa michembe.

Milembe alikuwa amesimama mlangoni, anasema baba, acha, nitalima. Mihayo hakumtazama.

"Andika, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Baba yake alikufa."

Akaweka dole gumba penye mdhamini, akafutia wino kwenye koti lile lile, akatoka.

Maombi yalikwenda na mkopo ukatoka. Milembe yuko mwaka wa pili, anajua kuchoma sindano, na kwa hilo namshukuru Mungu na Mama Benedikta. Lakini Mihayo, aliyezoea kuingia kwangu moja kwa moja na kufunua sufuria aone kuna nini, tangu siku ile anasimama nje ya ua anapiga hodi. Nikimkaribisha anakaa kiti cha wageni. Milembe akipiga simu na kumwita baba, anaitika vizuri, anauliza masomo, kisha ananirudishia simu upesi kama imemuunguza.

Nilimnunia Mama Benedikta muda mrefu. Nilipeleka chai kwa walimu wote, meza yake nikairuka. Alikuwa anakuja mwenyewe jikoni na kikombe chake, anasimama, na mimi nakoroga uji kana kwamba simwoni. Siku nilipommiminia chai, aliniambia kwamba kama Mihayo angeyasikia mnadani kutoka kwa mtu mwingine, hata hodi asingepiga, asingekuja kabisa. Inawezekana. Mimi hata leo sijui. Najua tu kwamba katika watu wote walioshughulika na yale maombi, ni yeye peke yake aliyemwona Mihayo kuwa ni mtu wa kuulizwa.

Sasa anaondoka, na mlangoni kwake wameshabandika tangazo kwamba marekebisho ya mikopo mwombaji ayafanye mwenyewe kwenye simu. Ni rahisi, wanasema, ni dakika chache. Haya. Watoto watawafuta baba zao kwa kidole wakiwa wamelala kitandani, na benchi la Mama Benedikta limepelekwa stoo.

Kuku wa sherehe hii wametoka sehemu nyingi. Jogoo mkubwa mwekundu ameletwa na Mihayo, amemleta mwenyewe hadi jikoni. Alisema ni wa yule mama wa ofisini, kwa kuwa alimwita.

Mama Benedikta, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi, na wazazi wote uliowakalisha kwenye benchi lile, asante. Hata kwa yale yaliyotuuma, asante. Unarudi Ipililo kwenu. Ufike salama, mvua ikunyeshee kwa kiasi, michembe isikuishie. Na kila nyumba ya ndugu zako, mayu, uingie bila kupiga hodi.