Krishna Kabatini

Apa kwanza. Kutikisa kichwa sitaki, fungua mdomo uape hutamwambia mtu, hata mumeo. Haya, sogea.

Unalijua lile benchi chini ya dirisha la Mama Cherehani, pale kinyozi anapochemsha kahawa? Asubuhi hiyo shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa ndani, kitabu mapajani. Wa nje hawajui kama yumo, na wanayemteta ni yeye! Maana alikuwa amekichukua kile kisanamu cha Krishna mtoto, mungu wa Wahindu, ambacho Mama Cherehani hukiogesha kila asubuhi, akakivalisha vinguo anavyovishona kwa mabaki ya vitambaa, akakiimbia. Shemeji akakifungia kabatini. Tangu hapo, mle ndani kimya. Cherehani tu.

Kinyozi: — Mungu kabatini! Jamani, si dharau hii?

Fundi Viatu: — Kosa la mama wa watu nini?

Kinyozi: — Eti kwao njia za kutoka kwenye kuzaliwa na kufa, kuzaliwa na kufa, ziko nyingi. Ipo ya elimu, ipo ya kazi bila kutaka malipo, ipo ya kukaa ukatuliza akili. Na ipo ya kumpenda Mungu. Shemeji anasema hiyo ya mwisho ni ya wasiojua kusoma.

Fundi Viatu: — Mjinga huyo! Kupenda ni kazi ndogo? Ampende mama mkwe wangu wiki moja tumwone. Halafu kama ni kazi, mimi nimeshonea viatu watu wasiosema hata asante. Nikifa sirudi ng'o!

Bwana Redio, yule asiyezimika, akadakia: — Elimu inavusha? Basi kabati limeshavuka, vitabu vyote vya shemeji vimo! Na Krishna naye anavisoma humo gizani. Akitoka, shemeji anapewa mtihani!

Wakacheka kwa hasira. Ndani, shemeji masikio yanawaka. Akataka kuinuka awafokee kwamba hakusema hivyo, alisema kupenda ni mwanzo tu. Macho yake yakaangukia kwa Mama Cherehani. Ameshika kikanzu cha njano, kidogo kama kiganja, mkono mmoja bado haujashonwa.

Mara akafika mama mmoja, mgeni, na gauni la kubadilishwa zipu. Alikuwa amesikia nusu.

— Samahani jamani. Huyo shemeji mwenyewe ameshafika?

— Wapi?

— Huko anakomkataza mwenzake kwenda kwa njia yake mwenyewe.

Bwana Redio, wallahi, alizimika! Ndani, Mama Cherehani akatoa mguu kwenye cherehani, akamtazama shemeji yake, akingoja jibu. Shemeji akafunga kitabu, akaliendea kabati.

Nje wakasikia mlango wa kabati ukilia. Kisha ule wimbo wa Mama Cherehani. Kinyozi akamwaga kahawa yote miguuni kwake.

Nani kaniambia? Shemeji mwenyewe! Alikuja kwangu kuomba kipande cha kitambaa cha njano. Nikamwuliza, cha nini tena, kidogo hivyo? Akasema mkono mmoja ulipungua.