Dakika Kumi na Moja Alizozikata Baba

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kukaa nasi, historia hii inasomwa na binti wa pili wa marehemu, aliyechaguliwa na familia kwa sababu sauti yake haitetemeki, naye anaomba mumvumilie, kwa kuwa leo sauti hiyo ina hasira na hakuona sababu ya kuificha.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Giza, alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa nne wa mpiga chapa na mkewe, akasoma shule ya msingi ya ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1954 hadi 1961, alipomaliza akiwa wa pili darasani kwa hesabu na wa mwisho kwa kuimba, jambo alilopenda kulisimulia mwenyewe.

Tarehe 2 Januari 1963 aliajiriwa kufagia ukumbi wa sinema, na mwaka 1967 akakabidhiwa mashine ya kuonyesha filamu, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na minne, na jina lake la utani lilitokana na hapo, maana taa za ukumbi hazikuzimwa mpaka yeye aseme. Mkanda ulipokatika, na mikanda ya zamani ilikatika sana, aliutandaza mezani, akapunguza ncha zilizochanika, akaziunga kwa gundi, akaendelea kabla watazamaji hawajaanza kupiga miluzi.

Tarehe 5 Oktoba 1974 alifunga ndoa na mama yetu, mshona mapazia, wakajaliwa mabinti watatu, dada mkubwa mwaka 1975, binti wa pili mwaka 1980 na kitinda mimba mwaka 1984. Mama alitutoka tarehe 11 Februari 1990, na tangu siku hiyo dada mkubwa, akiwa na miaka kumi na minne, ndiye aliyepika, aliyefua na aliyewasuka wadogo zake nywele huku akiimba, na majirani wa ghorofa ya juu walikuwa wakifungua madirisha ili wamsikie vizuri.

Ukumbi ulipofungwa tarehe 31 Mei 1991, marehemu alipewa mashine ndogo na filamu moja, ya nyimbo, kuhusu fundi saa mjane na mabinti zake, akawa anawaonyesha wanawe kila Jumapili mchana, mapazia yameshushwa na shuka limetundikwa ukutani, nao wakaishika kwa moyo neno kwa neno. Palikuwa na mahali pamoja ambapo picha iliruka, binti mkubwa wa fundi saa anavaa koti, anashika mpini wa mlango, mara yuko mezani, hana koti, anamenya viazi. Marehemu alisema mkanda ulikatika, nao walikuwa watoto wa fundi, hawakuwa na la kuuliza, wakajaza pengo wenyewe, na kila picha iliporuka walipiga kelele kwa pamoja, "Kabadili mawazo!", naye nyuma ya mashine akacheka pamoja nao. Kicheko hicho binti wa pili hajakisamehe.

Tarehe 9 Septemba 1993 dada mkubwa alipata barua ya kukubaliwa katika chuo cha muziki, masomo miaka mitatu, chakula na malazi juu ya chuo. Marehemu aliisoma mara mbili, akaiweka chini ya bakuli la sukari, akasema kwa upole, maana alikuwa mpole, na upole wake ndio uliokuwa ukimshinda mtu, "Mwanangu, hata binti wa fundi saa alivaa koti. Akawafikiria wenzake, akalivua." Wiki iliyofuata dada mkubwa akaanza kazi ya kupokea nguo kwa dobi, akaifanya kwa miaka ishirini na saba.

Jumamosi tarehe 15 Juni 2019, alasiri, binti wa pili alikuwa amekaa kitandani na mtoto wake aliyeugua tetekuwanga, akaipata filamu ile kwenye simu, akaiweka ili mtoto asijikune. Binti wa fundi saa akashika mpini, na picha haikuruka. Akatoka, baba yake akamfuata ngazini, akamnyang'anya begi, akalibeba mwenyewe hadi kituoni huku akimwimbia aende, aende asigeuke nyuma, dakika kumi na moja nzima, na zile siku za viazi kumbe alikuwa amekuja likizo tu. Mtoto akauliza, "Mama, mbona unalia, si wimbo mzuri?"

Kesho yake binti wa pili alimwuliza marehemu, naye akajibu, "Mkanda ulikatika." Akakumbushwa kwamba mkanda ukikatika wenyewe hupotea kipande cha urefu wa kidole, na dakika hizo kumi na moja zilikuwa mita mia na ishirini. Hapo akavua miwani, akasema, "Mama yenu kafa, nina watoto watatu. Ningebaki na nani?" Kisha akaomba dada mkubwa asiambiwe mpaka yeye awe ameshazikwa, na binti wa pili akakubali, na aibu ya kukubali ni yake, msimtafutie mwingine.

Tarehe 3 Novemba 2020 marehemu alipata kiharusi, dada mkubwa akaacha kazi, akamlisha, akamwogesha na kumgeuza kitandani kwa karibu miaka minne, mpaka alipofariki Jumanne tarehe 6 Agosti 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minane, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa dada mkubwa.

Jana, tulipokaa jikoni kuandika historia hii, binti wa pili aliivunja ahadi ikiwa imebaki siku moja. Dada mkubwa aliosha vikombe vilivyokwisha oshwa, akavifuta kimoja kimoja, akasema, "Andika. Usiache kitu." Baba mdogo aliomba kipande hiki kiondolewe, akajibiwa kwamba katika nyumba hii vipande vimeshakatwa vya kutosha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani waliobeba maji lifti ilipoharibika, na wenzake wawili wa ukumbi wa sinema waliosalia. Shukrani kwa dada mkubwa hatujui tuzianzie wapi.

Ratiba mliyonayo mikononi inaonyesha kwamba sasa dada mkubwa ataimba wimbo wa filamu ile ya fundi saa, kama marehemu mwenyewe alivyoagiza. Familia inaomba radhi, hataimba.

Baba, pumzika. Hiyo amani tutakuletea ikipatikana.