Hakuiba Ngurumo: Maisha ya Fundi Uzi

Jumatatu ya tarehe 9 Aprili 1962 kulikuwa na ukungu mzito tangu alfajiri. Mkunga alipotea njia akagonga nyumba ya jirani, na alipoelekezwa vizuri alimkuta marehemu ameshazaliwa na analia kwa nguvu zote. Alikuwa mtoto wa kwanza wa baba mwashi na mama muuza mkaa. Miaka saba baadaye akazaliwa mdogo wake wa kiume, na wazazi hawakupata mtoto mwingine. Walipofariki, wote wawili mwaka 1983, marehemu ndiye aliyebaki baba na mama wa kijana huyo. Mdogo wake yupo hapa leo. Aliarifiwa mapema kwamba wasifu huu utasomwa mbele yake, na alijibu kwamba atakuja.

Marehemu alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli, akamaliza kidato cha nne mwaka 1980, kisha akajifunza kuchomelea vyuma katika chuo cha ufundi kwa miaka miwili. Hakuwa mwanafunzi wa kung'ara. Lakini siku za likizo alimsaidia baba yake kazini, na huko aliona jinsi mwashi anavyovuta uzi toka pembe hadi pembe kabla ya kupanga tofali. Baba yake alikuwa akimwambia, "Macho yana undugu na mikono, yataitetea. Uzi hauna ndugu." Maneno hayo aliyachukua mazima mazima.

Tarehe 3 Februari 1986 aliajiriwa katika kiwanda kikubwa cha magari, idara ya chesisi za pikapu. Kila chesisi iliyotoka mikononi mwake aliivutia uzi toka mbele hadi nyuma, akachuchumaa, akafumba jicho moja. Kiwanda kilipoleta mashine ya kupimia kwa mwanga, alisubiri mashine imalize, kisha akatoa uzi wake mfukoni. Wenzake wakamwita Uzi, na jina likashika hadi kwenye kadi ya zamu. Mwaka 1991 alimwombea mdogo wake kazi katika idara ya mauzo ya kiwanda hicho hicho. Mdogo wake alikuwa na ulimi wa kuuza mwavuli wakati wa kiangazi, akapanda vyeo haraka.

Uzi wa kupimia aliutoa idara ya kushona viti, na huko ndiko alikompata mke. Alikuwa akienda kuomba kipande kila wiki, hadi siku moja fundi wa kushona akaweka mkasi chini.

"Kaka, wewe unajenga chesisi au unashona suti?"

"Natafuta kitu kilichonyooka."

"Basi umefika. Ila kwangu huvuti kitu mpaka uje na wazee."

Walioana Jumamosi ya tarehe 15 Desemba 1990, na Mungu akawajalia mabinti wawili. Mjane anaomba isemwe kwamba katika miaka thelathini na minne ya ndoa, mumewe hakuwahi kutundika picha ukutani bila kuomba uzi.

Mwaka 2015 marehemu alipeleka kwa wakubwa wake wazo la pikapu ya umeme. Alikuwa amechora chesisi yenye nafasi ya betri katikati ya mihimili, chini kabisa, ili gari lisiyumbe likibeba. Mkuu wa idara aliucheka mchoro mbele ya watu. "Mzee Uzi, wewe chomelea chuma. Umeme waachie mafundi wa taa." Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, aliondoka. Alijiunga na kampuni changa iliyokuwa imepanga ghala la zamani la magodoro, ambako pamba bado ilikuwa ikidondoka kwenye dari na kunasa kwenye rangi mbichi. Mdogo wake alimfuata nyumbani siku hiyo hiyo.

"Kaka, unaacha mbachao kwa msala upitao?"

"Mbachao gani? Huko nilikuwa nimekalia sakafu."

Mkurugenzi wa kampuni hiyo changa wafanyakazi walimwita Keshokutwa, kwa sababu gari lilikuwa tayari keshokutwa, wafadhili walikuwa wanafika keshokutwa, na mishahara nayo ilikuwa na keshokutwa yake. Kwa haki yake isemwe kwamba alikuwa mwerevu na alijua kuwatia watu moyo. Gari lilijengwa. Mwezi wa Machi 2019 pikapu ya kwanza ilipanda mlima wa machimbo ya kokoto ikiwa na tani moja na nusu, kimya, hadi walinzi wa juu wakashtukia imefika. Marehemu alirudi nyumbani na vumbi kwenye kope, akala chakula chake amesimama kwa furaha.

Ukimya huo ndio uliomponza. Wajenzi na wenye maduka ya vifaa walioitwa kulijaribu gari walizunguka, wakaligonga mbavu, wakatikisa vichwa. "Halina nguvu hili. Halisikiki." Wauzaji wa kiwanda kikubwa wakadakia. Waliliita gari bubu, wakaliita pasi yenye magurudumu. Keshokutwa akaamua lifungwe spika chini ya boneti, litoe mngurumo wa dizeli kila linapokanyagwa. Marehemu alisimama kikaoni kupinga.

"Mzigo hauvutwi kwa sauti."

"Mzee wangu, wateja wananunua kwa masikio."

"Basi tuwauzie ngoma, tusijisumbue na betri."

Watu walicheka, spika ikafungwa.

Jumamosi ya tarehe 22 Juni 2019 gari lilioneshwa hadharani katika uwanja wa maonyesho ya biashara. Umati ulikuwa mkubwa, na mafundi wa kiwanda kikubwa walikuja na sare zao, wamejipanga kama mashabiki wa timu pinzani. Dereva akakanyaga. Spika ikanguruma. Ghafla msimamizi mmoja wa zamani wa kiwanda kikubwa akapaza sauti: "Hee! Huyu si mtoto wetu? Mbona analia kwa jirani?" Kicheko kikatanda uwanja mzima. Fundi aliyeishi na injini miaka ishirini haimpotei sauti yake, na mngurumo ule ulikuwa wa pikapu yao ya dizeli, vilevile ulivyo. Katika teknolojia yote ya kampuni ile, hakuna aliyefikiria kwamba sauti nayo ina mwenyewe.

Kiwanda kikubwa kilitishia kwenda mahakamani. Kilisema aliyeiba sauti ameiba na michoro, na wote walijua nani alitoka kwao. Wafadhili wakaogopa. Alhamisi ya tarehe 11 Julai Keshokutwa alimwita marehemu mbele ya wafanyakazi wote, akasema sauti ile ililetwa na aliyetoka huko, na kwamba kampuni haiwezi kufuga mwizi. Marehemu aliulizwa kama ana la kusema. Alisema, "Sikuileta." Aliulizwa, nani basi? Akanyamaza. Alitolewa getini na mlinzi aliyekuwa amezoea kumkabidhi funguo.

Toka siku hiyo aliitwa Mwizi wa Kelele. Gereji alikowafundishia vijana kuchomelea zilimwambia hakuna nafasi. Alitengeneza mageti na vitanda vya chuma uani kwake, na wateja wengine walikuja wapate kuyaona macho yake tu.

Kampuni changa ilifungwa mwaka 2021. Keshokutwa aliajiriwa na kiwanda kikubwa, akapewa ofisi. Mwaka 2023 kiwanda hicho kilitoa pikapu yake ya umeme. Betri iko katikati ya mihimili, chini kabisa. Haina spika. Matangazo yake yameandikwa "Utulivu ni Nguvu," na anayeisimamia sokoni ni mdogo wake marehemu. Kiwanda kikubwa na Keshokutwa wameleta mashada ya maua. Familia imeyapokea kwa adabu na kuyaweka getini. Yatabaki getini.

Marehemu alianza kukohoa mwishoni mwa mwaka huo wa 2023. Madaktari walisema mapafu yamechoka kwa moshi wa miaka mingi wa kuchomelea. Mwezi wa Septemba 2024 alianza kutumia mtungi wa oksijeni, na aliwatania wauguzi kwamba sasa yeye ndiye anayechajiwa. Mdogo wake alimtembelea mara moja, akazungumzia mauzo. Marehemu alifariki Ijumaa ya tarehe 7 Februari 2025, saa kumi na moja jioni, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wakwe wawili, wajukuu wanne, na mdogo wake mmoja.

Siku ya pili ya msiba, mke wa mdogo wake alimwita mjane jikoni akafunga mlango. Alisema amechoka kubeba siri. Alieleza kwamba Jumapili moja ya mwezi wa Mei 2019, vijana wawili wa kampuni changa walikuja nyumbani kwao na kinasa sauti, wakitafuta pikapu ya dizeli yenye mngurumo mzuri. Mume wake aliwasha ya kwake, akaikanyaga hadi madirisha yakatetemeka, akicheka: "Rekodini sauti ya kiume, pasi yenu ione haya!" Hakukusudia ubaya. Lakini kaka yake alipofukuzwa, alifyata ulimi. "Nilimwambia, nenda ukaseme," alieleza shemeji huyo. "Akanijibu, nikisema mimi ndiye nitakayefukuzwa, na kaka ameshafukuzwa tayari."

Marehemu alijua. Pale uwanjani, ndani ya ule mngurumo, alisikia kibano cha bomba la moshi kilicholegea kikigonga, na mlio huo alikuwa akiusikia kila mdogo wake anapoegesha gari mlangoni kwake. Alijua, akanyamaza, akambeba. Familia haiusifu ukimya huo, kwa maana umewagharimu waliobaki. Inautaja kwa sababu aliyepaswa kuuvunja alipewa miaka mitano na nusu na hakuuvunja.

Shemeji ndiye aliyeeleza pia yaliyotokea kesho yake baada ya marehemu kufukuzwa, Ijumaa ya tarehe 12 Julai. Alikuwa anafagia uani asubuhi alipomwona marehemu anaingia, amenyoa ndevu, amevaa overoli isiyo na nembo, spana mkononi. Alimsalimia, akatandika gunia, akalala chali chini ya pikapu ya mdogo wake. Mdogo wake alitoka na mswaki mdomoni.

"Kaka! Unafanya nini huko chini?"

"Nakaza."

"Unakaza nini?"

"Mdomo. Wa gari lako, na wangu. Wakija kulisikiliza, wasikie gari kama magari mengine."

Mdogo wake alisimama na povu mdomoni. Marehemu alitoka chini, akaliwasha gari, akalisikiliza likiwa halina mlio wa kugonga tena, akalizima. Akaomba maji ya kunywa, akamshukuru shemeji yake, akarudi nyumbani kwa miguu.

Alale salama fundi wetu. Na jina lake, lililobebeshwa mzigo usiokuwa wake, leo tumelitua.