Sabuni ya Orest Humeniuk

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi hii ya baridi. Vueni makoti, kaeni. Kama nyumba yako hapa mjini Dauphin ina joto saa hizi, huenda mkono wa mtu ninayetaka kumzungumzia ulipita hapo. Orest Humeniuk ametutoka. Fundi Orest, mfungaji wa matanuri, yale yanayokaa chini ya nyumba na kupuliza joto hadi vyumbani. Tulimzika Jumamosi. Orest ametutoka, na ulimi wangu bado haujazoea kusema hivyo.

Alizaliwa shambani, nje kidogo ya kijiji cha Ethelbert, katika nyumba ya jiko la kuni. Asubuhi maji ya kunywa yalikuwa yameganda ndooni. Kaka yake, Metro, ananiambia hivi: "Tulikuwa tunagombania kulala katikati. Orest mdogo, akawa anasukumiwa ukutani. Nadhani ndiyo maana akawa fundi wa joto. Alitaka kutukomoa."

Ujanani alimfungia tanuri shangazi yake. Sasa, mnatujua sisi. Fundi hatoki nyumbani kwetu bila kula, na akichelewa mezani tunanuna. Shangazi akaita kutoka jikoni, "We Orest, kabichi inapoa! Kwani hayo mabomba yatakimbia?" Orest akaacha kupima, akapanda, akala. Vitunguu vinakaangwa, saumu inanukia hadi barabarani. Nani angesikia harufu ya gesi hapo? Hakuna aliyeisikia. Aliposhuka kuchukua spana aliyoisahau ndipo akakutana nayo. Kiungo kilikuwa kinavuja. Alifunga koki, akawatoa watu wote nje kwenye theluji, shangazi na mwiko wake mkononi. Hakuna aliyeumia, Mungu ashukuriwe. Lakini Orest hakuisahau siku ile.

Tangu hapo akawa na sheria yake. Sabuni kwanza, sahani baadaye. Akimaliza kuunga bomba, anaomba sabuni ya kuoshea vyombo, ya jikoni kwako wewe, anaichanganya na maji na kupaka kwa brashi kila kiungo. Povu likivimba, kuna mahali panavuja. Na lazima mwenye nyumba ashuke atazame. "Usiuamini mkono wangu," alikuwa akisema. "Wewe ndiye utakayelala humu. Tazama mwenyewe."

Kwenye umeme alikuwa vilevile. Anazima, anapima kwa testa, ndipo anagusa waya. Ule wa kijani, wa ethi, unaopeleka ardhini umeme ukivuja, anaubana na kuuvuta mpaka aridhike. Kisha juu ya ngazi anaweka swichi ya tanuri yenye kifuniko chekundu. Padre wetu aliwahi kuizima pale ukumbi wa kanisa akidhani ni ya taa. Ukumbi ukawa barafu tupu, chakula cha Krismasi kikagandia sufuriani. Orest akamwambia, "Padre, wewe shughulika na ule moto mwingine. Huu niachie mimi." Padre mwenyewe anaisimulia hadi leo, na anacheka kuliko sisi.

Na tanuri la nyumbani kwake? Lilikuwa kuukuu kuliko yote mjini, linakohoa kama babu mvuta kiko. Mkewe, Pearl, alichoka kulalamika. "Nilimwambia, Orest, hata mimi nihesabu kama mteja!" Wiki iliyopita hatimaye alilitoa. Akaweka jipya, akaunga bomba la gesi. Zilibaki nyaya na kupima.

Pearl alinisimulia huku ameshika kikombe cha chai ambacho hakukinywa. "Nilimwita, supu ya bitiruti inapoa. Nilijua atanijibu kama siku zote, sabuni kwanza. Mara namwona huyo anapanda ngazi. Akasema, leo nina njaa, mama. Akala bakuli zima. Akakaa kwenye kiti chake, akasinzia. Nilipokwenda kumwamsha, hakuamka."

Wasikilizaji wapendwa, Orest alilala hivyo, ameshiba, miguuni ana soksi alizofumiwa na mkewe. Koki ya gesi alikuwa ameifunga kabla ya kupanda.

Baada ya maziko tulirudi nyumbani kwake kula. Nyumba baridi, watu tunatetemeka na makoti yetu. Alikuwapo Darlene Flett, fundi mwenye leseni aliyefanya kazi na Orest tangu siku yake ya kwanza ya ufundi. Metro akamwambia, "Darlene, malizia hizo nyaya tufungue gesi. Bomba kaunga Orest mwenyewe."

"Limepimwa?" Pearl akauliza.

"Shemeji! Kaburi lake halijashika hata theluji, unataka kumkagua? Orest?"

"Kachukue sabuni hapo kwenye sinki, Metro."

"Mimi simkagui ndugu yangu."

"Basi nitaichukua mwenyewe, na wewe kaa nje kwenye theluji na ndugu yako."

Pearl ameniambia waziwazi alichokiogopa. Povu likitoka, basi wa kulaumiwa ni yeye. Ni yeye aliyemwita mezani kabla hajamaliza. Aliogopa hivyo, na bado alishuka na sabuni.

Darlene alijaza hewa bombani kwa pampu, akapaka sabuni. Kiungo cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Kwenye cha mwisho, karibu na tanuri, povu likavimba, dogo tu, likapasuka. Likavimba tena. Spana ya Orest ilikuwa bado chini pale pale, imeegemea ukuta. Kiungo kile alikuwa amekikaza kwa mkono tu.

Metro akavua kofia.

Pearl akalia. "Aliiacha spana kwa ajili ya supu yangu," akasema. Halafu akapangusa macho kwa kiwiko. "Nipe hiyo spana."

Darlene akamwekea mikono mahali pake, na Pearl akakaza. Sabuni tena. Safari hii aliyeinama na kutazama, pua karibu na bomba, alikuwa Metro. "Hakuna povu, shemeji," akasema. Akarudia, "Hakuna." Darlene akazima umeme, akapima, akaunga nyaya, akauvuta ule wa kijani kama alivyozoea kuuvuta Orest, kisha akarudisha umeme na kufungua koki ya gesi. Pearl ndiye aliyebonyeza swichi nyekundu.

Joto likaanza kupanda. Pearl akaenda jikoni, akapakua supu ya bitiruti, akaiweka mezani mbele ya kiti kitupu cha Orest.

"Tayari tumepaka sabuni," akasema. "Sasa kula."

Pearl, Metro, Darlene, poleni sana. Sisi sote hapa redioni tunalia nanyi, na kumbukumbu ya Orest idumu milele. Na wewe unayenisikiliza, kama leo fundi yuko chini ya nyumba yako, usimharakishe. Shuka na sabuni yako, utazame naye. Halafu mpandishe mezani, umpakulie hadi ashibe.